LEO: Tarakilishi Iliyozaliwa kwa Wauza Chai

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo nimerudi na kipande cha historia ambacho tangu nikisome kimekataa kunitoka kichwani. Lakini kwanza niwape kisa changu mwenyewe, ndipo mtaelewa kwa nini habari za watu waliouza chai na keki huko London zimenigusa mimi, kijana wa Nairobi ninayekula kwa kuandika programu.

Miaka mitatu iliyopita nilipewa kazi na chama kimoja cha akiba na mikopo (jina nalihifadhi). Mkopo wa dharura pale ulikuwa ukichukua siku 9 tangu mwanachama ajaze fomu hadi ashike pesa. Nikaambiwa, tutengenezee programu tuachane na makaratasi. Nikajitahidi kweli. Kila fomu niliigeuza kuwa ukurasa, kila sahihi nikaigeuza kuwa kitufe cha kubofya. Siku ya uzinduzi tulikata keki na kupiga picha.

Miezi miwili baadaye nilipita pale nikamkuta mama mmoja muuza nguo ameketi kwenye benchi. Mtoto wake alikuwa amepona, daktari amemruhusu aende nyumbani, lakini bili ilikuwa haijalipwa na hospitali haimwachilii. Mama aliomba mkopo Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Karani alipomwambia kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza ile programu, alinitazama kwa upole akasema, "Mwanangu, kompyuta yenu ni nzuri, lakini siku ni zile zile."

Niliingia kwenye hifadhidata nikahesabu. Siku 9. Zile zile!

Shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi haikuwa na jibu la swali hilo. Nikaanza kusoma jinsi watu wa zamani walivyoingiza mashine ofisini kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo nilipokutana na LEO.

Wauza chai wenye hesabu nyingi

Ukiulizwa ni kampuni gani iliyotengeneza tarakilishi ya kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za ofisi, utasema nini? Wengi hutaja IBM. Hapana. Ilikuwa J. Lyons & Co. ya Uingereza, kampuni ya vyakula. Walifungua mkahawa wao wa kwanza wa chai mtaa wa Piccadilly, London, mwaka 1894, na baadaye wakawa na mikahawa zaidi ya 200. Makao yao makuu, Cadby Hall, yalikuwa eneo la Hammersmith, na hapo hapo kulikuwa na viwanda vya mikate na keki.

Sasa fikiria biashara yenyewe. Kikombe cha chai na kipande cha keki kina faida ndogo mno. Lakini kila kikombe na kila keki lazima ihesabiwe: unga umetoka stoo, keki imetoka kiwandani, gari limepeleka, mkahawa umepokea, pesa zimerudi. Ukitumia makarani wengi kufuatilia senti, makarani watazila hizo senti zote. Kwa hiyo kwa Lyons, gharama ya karatasi lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mwaka 1923 waliajiri kijana aliyehitimu hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, John Simmons. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 chini ya Simmons kampuni ikawa na ofisi maalumu ya utafiti wa taratibu za kazi. Kazi ya ofisi hiyo haikuwa kununua mashine. Ilikuwa kuuliza: karatasi hii inatoka wapi, inakwenda wapi, nani anaisoma, na ikikosekana nani ataumia?

Mfano mmoja ni wauzaji wao waliokuwa wakizunguka kwenye maduka kuchukua oda. Zamani oda ya duka moja ilipita kwa makarani kadhaa, mmoja wa bei, mwingine wa ankara, mwingine wa leja. Kukiwa na kosa kila mtu anamnyoshea mwenzake kidole. Walibadilisha utaratibu, karani mmoja akabeba mambo yote ya wauzaji wachache: oda, ankara, na deni. Hakuna umeme ulioongezwa hapo, ni kazi ile ile iliyopangwa upya.

Nilisimama hapo nikasoma tena. Watu hawa walisafisha nyumba yao kwa muda wa miaka 15 na zaidi kabla ya tarakilishi kuwepo.

Safari ya Marekani na pauni 3,000

Mwaka 1947 Lyons waliwatuma mameneja wawili, Oliver Standingford na Raymond Thompson, waende Marekani kutazama ofisi za huko baada ya vita. Huko wakasikia habari za mashine mpya za kielektroniki. Walikwenda Princeton kumwona Herman Goldstine, mmoja wa waliohusika na tarakilishi ya ENIAC. Kumbe Goldstine aliwaambia kwamba kwao Uingereza, pale pale Cambridge, kuna mtu anaitwa Maurice Wilkes anajenga mashine ya namna hiyo. Ni kama mtu wa Thika asafiri hadi Mombasa kutafuta nanasi!

Walirudi na ripoti. Lyons wakaipa Cambridge pauni 3,000 pamoja na fundi wao mmoja wa kusaidia. Mashine ya Wilkes, EDSAC, ilifanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Baada ya hapo Lyons wakaamua kujenga yao wenyewe kwa kufuata mfano huo. Mhandisi alikuwa John Pinkerton. Jina la mashine likawa LEO, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "ofisi ya kielektroniki ya Lyons". (Kwetu sisi jina hilo lina utamu wake: mambo ya leo!)

Ilikuwa na vali karibu 6,000, na kumbukumbu yake ilikuwa mirija ya zebaki yenye uwezo wa maneno-mashine 2,048 tu. Simu iliyo mfukoni mwako ingeicheka. Mnamo Novemba 1951 ilichukua kazi yake ya kwanza ya kila wiki: kupiga hesabu ya thamani ya mikate na keki zilizotoka viwandani. Hawakuanza na kazi kubwa. Walianza na kazi ambayo mashine ikikosea, hakuna atakayelala njaa.

Mishahara ilisubiri. LEO iliaminiwa nayo rasmi mkesha wa Krismasi mwaka 1953, baada ya kufanywa sambamba na makarani na matokeo kulinganishwa. Hesabu ya mshahara wa mtu mmoja, iliyomchukua karani mzoefu dakika 8, LEO iliimaliza kwa sekunde moja na nusu.

Simu ya alasiri

Lakini kilichonifurahisha zaidi si hizo sekunde. Ni kazi ya oda za mikahawa, iliyoanza mwaka 1954.

Kila siku msimamizi wa mkahawa alitakiwa kuagiza vitu vya kesho: mikate, keki, pai na kadhalika. Fomu ndefu, kila siku, mikahawa yote. Angekuwa ni mimi, ningetengeneza fomu hiyo hiyo kwenye skrini na kudai malipo yangu. Mtu aliyeongoza kazi ya programu pale, David Caminer, hakufanya hivyo. Yeye hakuwa mhandisi. Aliingia Lyons mwaka 1936 kama meneja mwanafunzi na alizijua taratibu za kampuni nje ndani.

Timu yake iliona kwamba oda za Jumatatu hii zinafanana sana na za Jumatatu iliyopita. Sasa kwa nini mtu aandike upya vitu asivyobadilisha? Wakaweka oda ya kudumu kwa kila mkahawa na kwa kila siku ya wiki. Msimamizi alipigiwa simu alasiri akataja mabadiliko tu: ongeza hiki, punguza kile. Aliyempigia alivaa vipokea sauti masikioni, na huku akisikiliza, vidole vyake vinatoboa kadi ya kuingizwa kwenye mashine. Hakuna fomu wala mtu wa kunakili fomu. Kutoka hapo LEO ikatoa jumla ya vitu vya kuoka na orodha za kupakia magari.

Umeona? Kabla mashine haijaguswa, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imeshafutwa.

Ford na watu 500

Isije ikadhaniwa kwamba somo hili lilieleweka na kila mtu. Miaka 30 baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, idara ya Ford ya kulipa wauzaji huko Amerika Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya 500. Walipanga kuongeza tarakilishi wapunguze asilimia 20, wabaki 400. Wakajipongeza. Kisha wakatazama Mazda, kampuni ambayo Ford ilikuwa na hisa ndani yake, wakakuta kazi hiyo inafanywa na watu 5.

Ukikubali kwamba Mazda ni ndogo, bado hesabu haikai. Tatizo lilikuwa kulinganisha karatasi tatu: oda ya ununuzi, hati ya kupokea mali, na ankara. Zikitofautiana, karani anaanza kuchimba. Ford wakaiondoa ankara kabisa. Mali ikifika, mpokeaji anaangalia oda kwenye hifadhidata. Ikilingana anapokea na malipo yanaandaliwa, isipolingana inarudishwa. Watu wakapungua kwa asilimia 75. Michael Hammer aliyasimulia haya mwaka 1990 katika makala aliyowahimiza mameneja wafute kazi zisizo na maana badala ya kuzitia kwenye mashine. Mwaka 1993 akatoa kitabu pamoja na James Champy. Mawazo hayo yalienea haraka, na kampuni nyingi zikayatumia kama kisingizio cha kufukuza wafanyakazi. Huo nao ni upande wa historia hii usiofaa kufichwa.

Nilirudi na daftari

Basi mimi nilirudi kwenye kile chama, safari hii bila kipakatalishi. Nilibeba daftari na saa. Nilifuata maombi 20, moja baada ya jingine, nikaandika kila ombi liliguswa kwa dakika ngapi na lililala kwa siku ngapi. Kazi halisi ya ombi moja ilikuwa chini ya dakika 40. Siku zilizobaki lilikuwa linangoja tu! Kamati ya mikopo ilikaa Alhamisi pekee. Aliyeomba Ijumaa alikuwa amejihukumu mwenyewe.

Nikauliza swali la Simmons. Mwanachama akiomba pesa chini ya akiba yake mwenyewe, kamati inazuia hatari gani? Mwenyekiti alifikiri, akacheka, akasema, "Kwa kweli, kijana, hakuna." Tukaamua mikopo hiyo isipite kwenye kamati. Nikaona pia karani mmoja akihakiki akiba ambazo programu imeshazihakiki. Nikapendekeza hatua yake iondolewe pia.

Namshukuru Mungu nilikuwa nimesoma habari za ile mishahara ya 1953. Tuliendesha njia mpya na ya zamani sambamba kwa mwezi mzima. Wiki ya pili yule karani alikataa maombi mawili ambayo programu yangu iliyakubali. Sababu? Akiba za wale wanachama zilikuwa zimewekwa dhamana kwa mikopo ya wenzao. Hilo halikuandikwa popote kwenye mfumo, lilikuwa kwenye daftari lake la kijani. Hatua niliyoiona ya bure ndiyo iliyokuwa ikilinda pesa za watu. Tuliingiza daftari la kijani kwenye hifadhidata, ndipo tukaondoa hatua ile. Karani mwenyewe hakuondoka. Sasa ndiye anayeshughulikia mikopo yenye utata.

Siku 9 zikawa 2. Kwa mama yule nilikuwa nimechelewa.

LEO ya kwanza ilizimwa mwaka 1965. Kampuni yake ya tarakilishi iliunganishwa na English Electric mwaka 1963, na mwaka 1968 urithi wake ukaingia ICL, jina ambalo wazee wengi walioanza kazi hii hapa Nairobi wanalikumbuka vizuri. Lyons walizifahamu taratibu za ofisi kuliko wote, lakini kuuza mashine ni biashara nyingine, na huko walizidiwa nguvu.

Mimi nimebaki na zoea moja. Mteja akiniita siku hizi, wiki ya kwanza siandiki hata mstari mmoja wa programu. Nakaa karibu na makarani, nahesabu mangojeo, na ninauliza kila mmoja kama ana daftari lake la siri. Karibu wote wanalo. Wewe ofisini kwenu, daftari la kijani liko kwa nani?

Haya, tuonane tena Mungu akipenda.