Radi inaanza namna gani? Hesabu ya elektroni ndani ya hewa

Radi ikiua mtu kijijini, swali halikawii: "Ni nani ameituma?" Lawama inaweza kumwangukia mzee asiye na wa kumtetea. Ndiyo sababu ni vizuri kujua radi inaanza namna gani.

Kwanza, kwetu iko nyingi sana. Satelite iliyohesabu radi tangu 1998 mpaka 2013 ilionyesha kwamba Kampene, katika teritware jirani ya Pangi, inapata karibu 177 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Ni Kabare ya Kivu Kusini (205) na ziwa Maracaibo la Venezuela (233) tu zinazoipita duniani.

Hewa ni gesi, na kwa kawaida haipitishi umeme. Lakini ndani yake mna elektroni chache zilizo huru, chembe ndogo sana za umeme. Wingu likijaa umeme, zinavutwa, zinakimbia, zinagonga molekuli za hewa. Elektroni inaweza kudunda tu. Inaweza kumezwa na oksijeni. Ama, ikiwa na nguvu ya kutosha, inang'oa elektroni nyingine: moja inakuwa mbili, mbili nne, nne nane.

Hakuna jicho linaloweza kufuata mambo hayo, basi wanasayansi wanayafuata kwa ordinatere. Njia moja inaitwa Monte Carlo, jina la mahali penye kasino maarufu, sababu iko kama kurusha dadu. Namba ya kwanza inaamua elektroni itagonga lini. Ya pili, litatokea jambo gani. Uzito wa kila jambo unatoka kwa vipimo vya maabara. Kazi hiyo inarudiwa mara mamilioni. Mwaka 1968 Skullerud alileta ujanja wa kuirahisisha: kuongeza migongano ya uongo, ambayo elektroni inaipita kama vile hakuna kitu.

Kumbe yote ni mizani. Katika hewa ya usawa wa bahari, chini ya volti milioni 3 hivi kwa kila meta, zinazomezwa ni nyingi kuliko zinazozaliwa, na mambo yanaisha hapo. Juu ya hapo, zinazozaliwa zinazidi, na cheche inaanza.

Lakini vipimo ndani ya mawingu kwa kawaida havifiki kiasi hicho. Wataalamu wangali wanabishana: wengine wanataja ncha za barafu zinazokusanya umeme, wengine elektroni zenye mbio kali, wazo la C.T.R. Wilson la mwaka 1925. Swali liko wazi bado, ila katika hesabu yote hiyo hakuna nafasi ya jina la jirani.

Basi ukisikia ngurumo, toka shambani, toka mtoni, usijifiche chini ya mwembe; ingia katika nyumba imara. Na aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini: mguse bila woga, msaidie, mpeleke haraka kituo cha afya.