Tuzo za Wahitimu Vijana katika Shule za Biashara: Sifa au Ubashiri?

Tuzo ya mhitimu kijana ni heshima ambayo shule ya biashara humpa mtu aliyesoma hapo na kufanikiwa mapema katika kazi yake. Ukomo wake huwekwa ama kwa umri, ambao mara nyingi ni miaka 40, ama kwa muda uliopita tangu mahafali, ambao katika vyuo vingi vya Marekani ni miaka 10. Tuzo hii ni changa kuliko shule zinazoitoa. Wharton, shule ya kwanza ya biashara ndani ya chuo kikuu nchini Marekani, ilianzishwa Philadelphia mwaka 1881 kwa mchango wa dola 100,000 wa mwenye viwanda Joseph Wharton. Harvard ikafungua yake mwaka 1908. Tuzo kuu ya wahitimu wa Harvard ilianza mwaka 1968, na kwa kawaida huwafikia watu waliokwisha kuongoza kampuni au taasisi kubwa kwa miaka mingi. Desturi ya kuwasaka vijana ilishika kasi baadaye, sambamba na orodha za magazeti ya biashara, ikiwemo ile ya Forbes ya vijana walio chini ya miaka 30, iliyoanza mwaka 2011.

Kati ya heshima hizi mbili kuna tofauti ya asili, si ya umri tu. Tuzo ya mzee hufunga hesabu. Ya kijana huifungua. Anayemtunuku mtu wa miaka 65 ana kazi nzima mbele yake ya kupima. Anayemtunuku mtu wa miaka 32 anabashiri, hata kama maneno ya hotuba yake ni ya hukumu.

Shule zina sababu za kubashiri. Ya kwanza ni fedha. Mwaka 1924 mwenye benki George F. Baker aliipa shule ya biashara ya Harvard dola milioni 5, na kwa fedha hizo yakajengwa majengo yake ya Boston. Wahisani wa namna hiyo leo hutafutwa zaidi miongoni mwa wahitimu wenyewe, na uhusiano nao hauwezi kuanza siku wanapostaafu. Kijana aliyetunukiwa hana cha kutoa kwa sasa, ila hatasahau ni nani aliyemtambua kabla ya wengine. Sababu nyingine ni upangaji wa shule kwa ubora. Gazeti la Financial Times, linalochapisha orodha yake tangu mwaka 1999, huwahoji wahitimu miaka mitatu baada ya kumaliza masomo, na kwa muda mrefu mshahara wao pamoja na ongezeko lake ulibeba asilimia 40 ya alama zote. Katika mazingira hayo mhitimu kijana ni sehemu ya sifa ya shule, atake asitake. Tena mwombaji wa miaka 26 hujiona kwa urahisi zaidi katika mtu wa miaka 33 kuliko katika mwenyekiti wa bodi mwenye mvi.

Hakuna aibu katika haya yote. Kasoro iko kwenye kipimo. Jopo la waamuzi lenye majina mengi na muda mchache huangalia kinachoonekana: cheo, mtaji uliokusanywa, thamani ya kampuni, kutajwa magazetini. Vipimo hivyo huwapendelea wa sekta ambazo matokeo huonekana haraka, kama uwekezaji wa fedha na teknolojia, na huwaacha nyuma wa viwanda, kilimo na utumishi wa umma, ambako miaka 10 huenda ikaishia kwenye kuweka msingi tu. Huwapendelea pia waliokuta mtaji nyumbani.

Phil Knight ni mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu. Alihitimu shahada ya uzamili Stanford mwaka 1962, akiwa ameandika darasani wazo la kuleta viatu vya michezo kutoka Japani. Mwaka 1964 yeye na kocha Bill Bowerman walianzisha Blue Ribbon Sports, kila mmoja akitoa dola 500. Biashara haikuweza kumlisha. Kwa miaka kadhaa Knight aliishi kwa mshahara wa uhasibu, kisha wa kufundisha somo hilohilo katika chuo cha Portland State. Jina Nike lilianza kutumika mwaka 1971, na hisa za kampuni hazikuuzwa kwa umma hadi Desemba 1980, Knight akiwa na miaka 42. Jopo ambalo lingekutana mwaka 1972, miaka 10 baada ya mahafali yake, lingemkuta mwagizaji wa viatu anayevunja uhusiano na kiwanda kilichokuwa kikimuuzia bidhaa. Vigumu kuona nani angempigia kura. Mwaka 2006 aliipa shule yake dola milioni 105.

Upande wa pili yuko Charlie Javice, aliyehitimu Wharton mwaka 2013 na kuanzisha Frank, huduma ya kuwasaidia wanafunzi kuomba fedha za masomo. Forbes ilimweka katika orodha ya vijana mwaka 2019. Benki ya JPMorgan Chase iliinunua kampuni hiyo mwaka 2021 kwa dola milioni 175, ikiamini kwamba ina watumiaji zaidi ya milioni 4. Hawakufika hata 300,000. Machi 2025 baraza la mahakama la New York lilimtia hatiani kwa ulaghai. Forbes yenyewe ilikuwa imekwisha kuchapisha, mwaka 2023, orodha ya watu inaojutia kuwateua, na Javice alikuwamo.

Visa viwili havithibitishi kanuni, na wapo wengi waliotunukiwa mapema wakastahili. Vinachoonyesha ni kwamba kasi ya mafanikio na ubora wa kazi ni mambo mawili, na kwamba vigezo vinavyotumika sana hupima la kwanza.

Katika Afrika Mashariki ukomo wa umri una tatizo la ziada. Mkataba wa Vijana wa Afrika humwita kijana mtu wa miaka 15 hadi 35, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humwondoa katika kundi hilo anapotimiza 35, kwa hiyo mtu wa miaka 39 anayeitwa kijana jukwaani ameshavuka mpaka huo kisheria. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba wengi wanaosoma shahada za uzamili za biashara Dar es Salaam au Nairobi ni waajiriwa wanaoingia darasani jioni, baada ya miaka ya kazi na malezi ya watoto. Anayehitimu akiwa na miaka 38 hubakiwa na miaka miwili tu ya kustahili tuzo ya walio chini ya 40, na wanawake waliosimamisha masomo kwa ajili ya uzazi huumia zaidi. Kuhesabu muda tangu mahafali ni haki zaidi kuliko kuhesabu umri, na miaka 15 inafaa kuliko 10 pale ambapo mtaji hupatikana kwa shida.

Cheti nacho kinahitaji kuandikwa kwa uangalifu. Kikitaja jambo lililofanyika na kuthibitishwa, kwa mfano kiwanda kinachofanya kazi au deni la chama cha ushirika lililolipwa, kitabaki kweli hata mwenye cheti akianguka baadaye. Kikitaja cheo au thamani ya kampuni, ukweli wake hutegemea matukio yajayo. Kwa sababu hiyo masharti ya kuifuta tuzo yanapaswa kuandikwa kabla ya kumtangaza mshindi wa kwanza, yakieleza ni kosa gani linalohusika, ni nani anayeamua, na kama hatua huchukuliwa baada ya tuhuma au baada ya hukumu ya mahakama.