Ghuba Isiyo na Bamvua: Naguru, Nakivubo na Historia ya Upimaji wa Maji Kampala

Mtafiti anayepanga kupima ubora wa maji katika hori la bahari, tuseme hori la Tudor pale Mombasa, ana saa asiyoinunua. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, bamvua na maji mafu hupokezana, na majedwali humwonyesha ni lini yaliyo mbele yake ni maji ya bahari na ni lini ni ya nchi kavu. Sampuli isiyoandikiwa saa ya maji haina thamani. Mvuvi yeyote wa pwani angemwambia hivyo. Makala hii inadai kwamba Kampala imekusanya takwimu za maji kwa miongo mingi bila saa ya namna hiyo, na kwamba kasoro hiyo ni ya kihistoria kuliko kuwa ya kimaabara.

Naguru ni mahali pafaapo pa kuanzia. Mvua inyeshayo kilimani hapo hugawanyika: upande wa Lugogo huelekea mkondo wa Nakivubo, upande wa Nakawa huelekea kinamasi cha Kinawataka. Njia zote mbili huishia katika Ghuba ya Murchison. Kwa muda mrefu mkazi wa Naguru amekunywa maji yaliyosafishwa Ggaba, yaani yaliyotekwa katika ghuba ileile. Mtambo wa kwanza wa Ggaba ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, mji ulipokuwa mdogo. Majitaka ya Bugolobi yalikuja kuelekezwa Nakivubo baadaye. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba mji unywe kutoka mahali unapomwaga. Maamuzi mawili yalifanywa kwa nyakati tofauti, kila moja likiwa na hoja yake.

Je, ghuba hii haina saa kabisa? Ziwa Viktoria halina kujaa na kupwa kwa maana ya pwani, lakini halitulii. Mwaka 1957 G. R. Fish, aliyefanya utafiti Jinja, alieleza jinsi matabaka ya maji ya ziwa yanavyoyumba. Kila siku upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, na mwani hufanya oksijeni ipungue alfajiri na kuongezeka alasiri. Kati ya 1961 na 1964 kina cha ziwa kilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 kilishuka mno. Mei 2020 kikapita rekodi ya 1964. Kulinganisha takwimu za miaka hiyo bila kutaja kina ni sawa na kulinganisha bamvua na maji mafu.

Utafiti wa Frank Kansiime na Maimuna Nalubega, uliochapishwa mwaka 1999, ulichunguza uwezo wa kinamasi cha Nakivubo kusafisha majitaka. Jambo la kuzingatiwa hapo ni njia ya maji: yakikimbia katika mfereji bila kupenya mafunjo, kinamasi husafisha kidogo, hata kikionekana kipana kwenye ramani. Mwaka huohuo kanuni za Uganda kuhusu majitaka ziliweka viwango kwa miligramu katika lita. Ghuba, hata hivyo, hupokea mzigo mzima, yaani ukolezi mara wingi wa maji. Kiwanda kinachoongeza maji safi kwenye bomba lake hushusha ukolezi bila kupunguza hata gramu moja.

Kwa hiyo utafiti mpya upime mtiririko pamoja na ukolezi, juu na chini ya tuta la reli linalokikata kinamasi, alfajiri na alasiri. Kila sampuli iandikiwe saa zilizopita tangu mvua ya mwisho, mwelekeo wa upepo na kina cha ziwa siku hiyo. Iandikiwe pia hali ya makazi yaliyo juu ya mkondo: nyumba za zamani za Naguru na Nakawa zilibomolewa mwaka 2011, na takwimu za kabla na baada ya hapo hazizungumzii watu walewale.