Mabaki si takataka

Anayetengeneza kadi na vialbamu kwa mkono hubakiwa na vipande: ukingo wa karatasi ya manila, pembe za bahasha ya kaki, ncha za kitenge. Wengi huviita takataka. Jina linalovistahili ni mabaki, na ushahidi uko Ngorongoro. Julai 1959, mwanaakiolojia Mary Leakey aligundua fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus kule Olduvai, likiwa limevunjika vipande vingi ambavyo baadaye viliunganishwa kimoja kimoja. Hatusemi takataka za kale. Twasema mabaki ya kale, kwa kuwa kubaki ni kusalia, na kilichosalia bado kina kazi.

Atakayepinga atasema mfupa una historia, manila haina. Lakini hata thamani ya mfupa ilionekana baada ya kuokotwa na kuunganishwa. Hoja nzito zaidi ni ya muuzaji wa kadi hizo wa Karatu: mteja akisikia mabaki, atafikiria chakula cha jana. Basi amwoneshe ua lililobandikwa kwa ncha za kitenge, kila petali na rangi yake, mteja ataelewa. Walimu wa stadi za kazi, boksi la vipande darasani liandikeni "mabaki", si "taka".