Uzito Unaobaki Nyuma: Historia ya Kupima Mchapuko wa Gari

Harry Wimperis hutajwa zaidi katika historia ya rada. Mapema mwaka 1935, akiwa mkurugenzi wa utafiti wa kisayansi katika Wizara ya Anga ya Uingereza, alimpelekea mtaalamu wa redio Robert Watson-Watt swali kuhusu “miale ya kuua”, na jibu la Watson-Watt likazaa rada. Watu wa magari nao wana deni kwake. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa amekwishabuni kifaa cha kupima mchapuko wa gari, kikatengenezwa na Elliott Brothers wa London.

Ndani yake mlikuwa na kisahani cha shaba kilicholemea upande mmoja. Gari likichomoka, upande mzito hubaki nyuma. Kisahani huzunguka kidogo, springi hukaza, mshale husogea. Sumaku ilizuia mshale usichezecheze.

Kifaa kingine, cha kampuni ya Tapley ya Southampton, kilitumia pendulamu ndani ya mafuta: timazi ya fundi mwashi iliyopandishwa garini. Ukifunga breki, inakwenda mbele. Ikifikisha nyuzi 45, nguvu ya breki imelingana na uzito wa gari zima, yaani g 1. Nusu ya nguvu hiyo huisogeza karibu nyuzi 27.

Tatizo ni kwamba timazi haitofautishi breki na mlima: egesha gari kwenye mteremko, mshale utasogea ingawa gari limetulia tuli. Wengi huiita kasoro. Mimi naona uzuri wa kifaa umo humo. Liachie gari literemke bila gia: kasi inaongezeka, lakini mshale hauonyeshi mvuto wa mteremko hata kidogo, kwa kuwa mvuto huo unalivuta gari na pendulamu kwa pamoja. Kinachobaki kwenye kipimo ni ukinzani wa upepo na matairi. Mhandisi aliyekuwa na kiboksi hicho aliweza kuupima ukinzani huo barabarani, bila maabara.

Kwenye kona, kipimo kinadanganya kweli. Gari linalozunguka duara la nusukipenyo cha mita 30 kwa kilomita 54 kwa saa hupata g 0.76 za pembeni. Saa na futi ya kamba vinatosha kulithibitisha hilo. Lakini bodi ikilala nyuzi 4 tu, kifaa kilichofungwa humo husoma g 0.83 au zaidi, na gari laini linasifiwa kwa mshiko lisiokuwa nao.

Mwaka 1991 Analog Devices ya Marekani ilitangaza kipimo cha mchapuko kilichochongwa kwenye silikoni, kwa ajili ya mifuko ya hewa. Uzito ule ule unaobaki nyuma sasa ulikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Mwaka 1995 Bosch na Mercedes-Benz waliunganisha kipimo cha nguvu za pembeni na kingine cha kuhisi gari linavyojizungusha, ili kompyuta ifunge breki ya gurudumu moja kabla gari halijaserereka. Mfumo huo ulianza kwenye magari ya kifahari. Oktoba 1997 Mercedes ndogo ya A-Class ilipinduka Uswidi ikijaribiwa kukwepa kizuizi cha ghafla, na kampuni ikaamua kuufunga kwenye kila gari la aina hiyo. Umoja wa Ulaya uliufanya wa lazima kwa magari yote mapya mwaka 2014.