Profesa Julie Makani na ugonjwa wa selimundu unaofika hadi kwenye mapafu

UGONJWA wa selimundu, ambao wengi mitaani huuita sikoseli, hufahamika zaidi kwa maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Mapafu hayatajwi sana, ilhali ni mojawapo ya njia ambazo ugonjwa huo hupitia kuua. Kwa mzazi aliyeko Ulemo, wilayani Iramba mkoani Singida, jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu mtoto mwenye homa, kikohozi na kuhema haraka humdhihirikia kila mtu kuwa ana homa ya mapafu ya kawaida. Huenda ndivyo. Lakini iwapo mtoto huyo ana selimundu, yawezekana ni shambulio la ghafla la kifua, ambalo kwa dawa za kuua vijidudu peke yake halitibiki ipasavyo.

Chanzo ni himoglobini ya kurithi yenye kasoro. Inapopungukiwa na oksijeni, chembechembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, zikawa ngumu na kuziba mishipa midogo. Mapafu ndiyo mahali damu inapochukua oksijeni. Yakiugua, oksijeni hupungua, chembe nyingi zaidi hujikunja, nazo huzidi kuziba mishipa ya mapafu yale yale. Maambukizi huweza kuanzisha mzunguko huo, na vivyo hivyo mafuta yanayochomoka kwenye uboho wa mifupa iliyoharibika na kusafiri na damu hadi kifuani.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, ukihusisha wagonjwa 538, ulionesha kuwa karibu nusu yao walilazwa kwa sababu nyingine, hasa maumivu, kisha kifua kikashambuliwa siku mbili au tatu baadaye. Ndiyo kusema mgonjwa aliyelazwa kwa maumivu ya mgongo au miguu anastahili kuangaliwa kifua kila siku, hata kama halalamiki. Tiba ni oksijeni, dawa za kuua vijidudu, kutuliza maumivu ili mgonjwa aweze kuvuta pumzi kwa kina, na damu ya kuongezewa inapohitajika. Maji ya mshipani hutolewa kwa kipimo, kwa kuwa yakizidi huyalemea mapafu.

Nchini Tanzania, jina lililofungamana zaidi na utafiti wa selimundu ni la Profesa Julie Makani. Si bingwa wa mapafu. Fani yake ni damu. Alihitimu udaktari Muhimbili mwaka 1994, na mwaka 1997 akaenda Uingereza kwa masomo ya juu katika Hospitali ya Hammersmith, London, kisha akafanya utafiti Chuo Kikuu cha Oxford. Angeweza kubaki huko, kama walivyofanya wengi wa rika lake. Mwaka 2003 alipata ufadhili wa Wellcome Trust wa kuchunguza selimundu nyumbani, naye akarejea Muhimbili.

Kazi aliyoianzisha na wenzake haikuwa ya kuvutia macho: kuandikisha wagonjwa, kuwapima, kuwaita tena kliniki na kuhesabu nani yu hai. Hata hivyo, hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikikosekana barani Afrika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalihusu wagonjwa 1,725 walioandikishwa kati ya mwaka 2004 na 2009. Waliofariki walikuwa 86. Kiwango cha vifo kwa ujumla kilikuwa 1.9 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, lakini kwa watoto wa chini ya miaka mitano kilifikia 7.3. Mwaka huo huo wa 2011 Makani alitunukiwa tuzo ya Royal Society Pfizer.

Kliniki hiyo ilifungua mlango kwa maswali ya mapafu pia. Watafiti wa Dar es Salaam na wa Kilifi, Kenya, waliwapima watoto oksijeni ya damu usiku wakiwa usingizini, wakaona kuwa wenye selimundu huwa na kiwango cha chini kuliko wenzao. Kwa watu wazima tatizo linalohofiwa zaidi ni shinikizo la damu ndani ya mishipa ya mapafu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walikuta dalili yake kwa takribani theluthi moja ya watu wazima waliopimwa moyo kwa mawimbi ya sauti. Mwaka 2011 Wafaransa, waliopima kwa kuingiza mrija moyoni, walithibitisha kwa asilimia 6 tu. Tofauti hiyo inaonesha kuwa kipimo cha awali hakitoshi kumtangazia mtu ugonjwa.

Dawa iliyobadili mambo ni haidroksiurea. Mwaka 1995 ilithibitika Marekani kuwa inapunguza mashambulio ya kifua kwa takribani nusu kwa watu wazima. Swali lililobaki, iwapo ni salama kwa watoto wa Afrika wanaoishi na malaria, lilijibiwa mwaka 2019 na utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda: maumivu, malaria na vifo vilipungua.

Makadirio yanayotumiwa sana yanasema watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Uchunguzi wa watoto wachanga katika mikoa ya kaskazini magharibi, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba hicho. Shinyanga, Simiyu na Tabora, zilizohusishwa humo, zinapakana na Singida.

Kwa wakazi wa Iramba, hospitali kubwa ya rufaa iliyo upande wa kusini mashariki ni ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ambako upandikizaji wa uboho kwa watoto wenye selimundu ulianza mwaka 2023. Huduma hiyo huhitaji ndugu anayelingana na mgonjwa, kwa hiyo ni ya wachache. Kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni kwa sekunde chache, hakihitaji hospitali ya rufaa. Mtoto mwenye selimundu anayefikishwa zahanati akihema haraka, hicho ndicho cha kwanza kuulizia.