Sitara ya simu, mlango wa ofisi

Tangu tulipozungumza kuhusu vikundi vya wazee wetu hapa Uingereza, swali linalorudi ni hili: kikundi kikitaka kuhamishia huduma zake mtandaoni, kianzie wapi? Na wengi wenu ndo mnaobebeshwa kazi hiyo, si mnajua: "Wewe umesoma, tutengenezee basi." Mimi sitaanza na programu ya simu. Nitaanza na kasisi mmoja, Chad Varah, kwa sababu mengi tunayobishania leo yeye alikutana nayo zamani.

Mwaka 1935, akiwa kasisi kijana huko Lincoln, Varah alimzika msichana mdogo aliyejiua. Binti yule alikuwa amepata hedhi yake ya kwanza, akadhani ni ugonjwa wa aibu. Hakuwa na wa kumuuliza. Kwetu pwani hilo lilikuwa jambo la somo, mwanamke mzima aliyekabidhiwa binti amfundishe mambo ya utu uzima. Yeye hakuwa na somo wala shangazi wa kumnong'oneza.

Tarehe 2 Novemba 1953 Varah, sasa akiwa kanisa la St Stephen Walbrook katikati ya London, alifungua huduma ya simu kwa watu waliofikia kukata tamaa. Namba ilikuwa MAN 9000. Magazeti yakaiandika, na jina la Samaritans likatokana na kichwa cha habari cha gazeti. Kumbukeni kwamba wakati ule kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai Uingereza, na sheria haikubadilishwa mpaka 1961. Yaani mtu aliyetaka kusema yaliyomsibu alikuwa na sababu nzuri ya kuficha jina lake. Simu ilimpa sitara. Neno hili nalipenda kuliko "faragha", maana sitara ni kufunikwa na mwenzio ili usiaibike.

Lakini watu hawakupiga simu tu. Walikuja pia, wakakaa kusubiri zamu ya kumwona kasisi. Wakati wanasubiri, watu wa kujitolea waliwapa chai na kuwasikiliza. Varah akagundua kwamba wengine, zamu yao ikifika, walikuwa hawamhitaji tena. Februari 1954 akawaachia wale wa kujitolea kazi ya kusikiliza. Kwa maoni yangu hapo ndipo shirika lilipozaliwa hasa. Simu ilikuwa njia tu, kazi yenyewe ilikuwa pale kwenye chai.

Ndo maana mwaka 1994, Samaritans walipoanza kupokea watu kwa barua pepe, kazi ya msingi haikubadilika. Anwani yao ilianza na jina Jo, ambalo linaweza kuwa la mwanamume au la mwanamke, na nyuma yake walikaa watu wengi wa kujitolea, kila mmoja kwa zamu yake. Wakati ule barua pepe wengi waliijulia vyuoni au kazini. Bado kulikuwa na watu ambao hata kusikika sauti waliona ni kujianika mno, ila kuandika waliweza.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana sitara siyo yote. Citizens Advice ilianza tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita, ikiwa na ofisi 200. Watu walikuja kuuliza kuhusu vitabu vya mgao vilivyopotea, madeni, ndugu wasiojulikana walipo. Gari moja la kubebea farasi liligeuzwa ofisi ya kutembea. Mwaka 1999 shirika likaweka ushauri wake mtandaoni, na kwa anayesoma Kiingereza vizuri ilikuwa msaada mkubwa kweli.

Halafu serikali nayo ikahamia huko. Universal Credit ilipoanza 2013, maombi yalitakiwa kufanywa mtandaoni. Matokeo yake, watu wakarudi kwenye ofisi za ushauri kuomba wasaidiwe kujaza fomu ambayo ilitakiwa iwaondolee haja ya kwenda ofisini. Kuanzia Aprili 2019 serikali yenyewe ikawa inalipa Citizens Advice ili isaidie watu kuomba.

Kwa hiyo kikundi chenu kikiuliza, mimi ningetenganisha mambo mawili. Mambo ya aibu, kama ndoa, deni au msongo, yapelekeni mbali na mlango. Hakuna anayetaka kuonekana na mama fulani akiingia ofisini kwa jambo la mumewe. Mambo ya makaratasi yaacheni na kiti, meza na mtu. Na kote mpange zamu kabla ya kununua chochote. Ujumbe usiojibiwa siku tatu ni mbaya kuliko mlango uliofungwa, maana mlango angalau unauona umefungwa.

Kadi za ukaazi zilipofika mwisho tarehe 31 Desemba 2024 na kila kitu kikawa akaunti ya mtandaoni, wengi wetu ndo tuliowafungulia wazazi akaunti hizo, mara nyingi kwa barua pepe zetu wenyewe. Leo ukimuuliza mzee nywila yake iko wapi, anakutajia jina la mwanawe wa kwanza, ambaye alishahamia Dubai.